Pusi wa Bibi na Vidoti Vyekundu

Nilipotea kidogo. Wiki mbili hizi mwili ulikuwa hapa SUA Morogoro, akili ilikuwa Ujiji.

Jumapili usiku simu ikaita.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe si ndiye unasomea wanyama? Pusi anatoka damu puani. Ana joto, hapa namsagia Panadol."

Nilipiga kelele hadi mwenzangu wa chumbani akaamka! Jamani, ini la paka haliwezi kuivunja dawa ile, kidonge kimoja tu kinatosha kumuua. Bahati alikuwa bado hajampa.

Mtaa mzima ulishaamua kwamba kala panya mwenye sumu. Si wazo baya, sumu ile inavuruga kazi ya vitamini K, damu haigandi. Ila mdogo wangu alimfunua mdomo akanitumia picha: ufizi umejaa vidoti vyekundu, kama umechomwachomwa na pini. Vidoti vya namna ile vinanukia upungufu wa chembe sahani, zile zinazoziba vitundu kwenye mishipa.

Asubuhi Pusi akatiwa kikapuni, safari kwa daktari wa mifugo. Nilimwomba kwa simu aitazame damu kwa hadubini, maana chembe sahani za paka hupenda kushikana mafungu, mashine ikahesabu pungufu, ukaishia kutibu ugonjwa ambao haupo. Mafungu hakuyakuta. Kila akisogeza kioo aliona chembe 1, yaani kama 15,000 kwa mikrolita. Paka mzima anakuwa nazo 200,000 na zaidi.

Sasa hapo ndipo kazi. Kinga ya mwili ikianza kushambulia chembe zake yenyewe, hakuna kipimo kimoja cha kukwambia ndiyo. Unaondoa sababu moja moja: sumu, dawa, magonjwa ya kupe, virusi, saratani. Vya virusi tulivikosa, na mpaka leo linaniuma. Tukaanza prednisoloni, miligramu 2 kwa kila kilo kwa siku, roho mkononi, kwa sababu dawa hiyo hiyo inashusha kinga. Kama kuna virusi vimejificha, umevifungulia mlango.

Siku ya 8 daktari akahesabu chembe 9 kila anapotazama. Nilirukaruka koridoni kama chizi! Dozi itapunguzwa polepole kwa wiki nyingi, bibi keshaonywa asiikatishe ghafla.

Jana kapiga tena. Pusi kaiba migebuka wawili jikoni.

"Dawa inaleta njaa, bibi."

"Basi migebuka utalipa wewe."