Ruta Nayo Yahitaji Zamu

Sisi tuishio katika kota za kambi twajua vyema kwamba ukuta wa chumba hauzuii harufu ya samaki wala ugomvi wa jirani. Mawimbi ya ruta nayo hayazuiliki. Kisanduku kile chenye vijitaa, kipokeacho intaneti kutoka nje na kuigawa kwa simu za nyumbani, ni redio, na redio haiulizi mpaka wa nyumba ya mtu. Mawimbi yake ya 2.4 gigahezi hupenya matofali hadi nyumba ya pili. Yale ya 5 gigahezi hubeba mengi kwa haraka zaidi, lakini huchoka upesi yakutanapo na ukuta.

Mwaka 2021, mume wangu akiwa kazini Somalia pamoja na askari wenzake wa Uganda, tulilipia intaneti ya nyumbani ili watoto wamwone baba yao jioni. Ajabu ni kwamba kila ilipofika katikati ya mwezi kifurushi kilikuwa kimekwisha. Shemeji yangu, ambaye ni polisi wa mawasiliano, alipotutembelea aliandika 192.168.1.1 katika simu yake, na ukurasa wa ruta ukafunguka. Jina la kuingilia: admin. Neno la siri: admin. Fundi aliyetuwekea aliyaacha kama yalivyotoka kiwandani, wala hakutuambia kwamba kuna mlango huo mwingine. Orodha ilionyesha vifaa 13. Sisi tulikuwa na simu 3.

“Shemeji,” akasema, “hili ni lindo ambalo neno lake la siri limebandikwa langoni.”

Watoto wa jirani sikuwahesabu kuwa wezi. Na maongezi ya WhatsApp hufumbwa tangu simu moja hadi nyingine, basi maneno ya baba na wanawe hayakuwa wazi kwa mtu. Kilichonitisha ni kingine. Aingiaye katika ukurasa ule aweza kubadili mahali ruta inapouliza anwani. Nawe ukiandika jina la benki yako, ukapelekwa penye ukurasa wa bandia. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu majina na maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60, kisha ikazitumia kushambulia mitandao mingine, wenyewe wakiwa hawana habari.

Basi neno la ukurasa tukalibadili kwanza. Kisha tukaitazama kufuli ya mawimbi. Ile ya WEP, ya mwaka 1997, wataalamu waliivunja mwaka 2001. Ndugu msomaji, ukiikuta kwako iondoe. WPA2 ya mwaka 2004 ingali yafaa, mradi neno liwe refu. WPA3 ya mwaka 2018 ni bora, ila simu kuukuu haziifahamu. WPS tuliizima kabisa, kwa maana nambari yake ya tarakimu 8 hukaguliwa nusu kwa nusu, hata mvunjaji atosheke na majaribio 11,000 badala ya mamilioni. Hilo lilifichuliwa mwaka 2011. Kuficha jina la mtandao, jambo wanaloshauri wengi, mimi naliona kazi bure: mwenye kifaa cha kusikiliza mawimbi hulipata tu. Mwisho shemeji akaiongezea ruta programu mpya kutoka kwa mtengenezaji.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko ufundi wote, nalo ni ujirani. Huwezi kumnyima mke mwenzio wa askari ambaye mumewe yuko huko huko aliko wako. Kwa bahati ruta yetu ilikuwa na mtandao wa wageni, wenye jina lake na neno lake, ambao humpa mgeni intaneti pasipo kumfikisha kwenye simu za wenyeji wala ukurasa wa ruta. Tukaufungua, tukaupunguzia mwendo kidogo, nami nikampelekea mama wa nyumba ya pili neno lake limeandikwa juu ya karatasi. Alishukuru sana. Kesho yake mwanawe akabisha hodi kuuliza mbona mpira unakwama-kwama katika simu yake.