Karatasi Isiyo na Jina



Katika jalada la kamati ya msikiti wetu imo karatasi moja ndogo, iliyochanwa kutoka katika daftari la shule, ambayo mpaka leo hatujathubutu kuitupa. Ina mistari miwili ya kalamu ya risasi. Mwandishi anaeleza kuwa ngazi za kupandia ukumbi wa akina mama zina giza baada ya Isha na hazina pa kushika, na anaomba kamati iziangalie. Hakuweka jina. Pembeni, kwa wino wa bluu na kwa mwandiko wetu wenyewe, pameandikwa: “Haina jina. Isijadiliwe.”

Sisi tunaoandika haya ndio tuliokabidhiwa kalamu ya kamati hiyo. Umri wetu ni miaka thelathini na kitu, na tulipochaguliwa hatukuwa na muda mrefu tangu tutoke katika chuo cha Kiislamu. Tulijiona tumekuja kunyoosha mambo. Jambo la kwanza tulilolipendekeza lilikuwa sanduku la maoni. Tulisema kuwa Uislamu ni dini ya shura, kwamba Qur’an ina sura nzima yenye jina hilo, nayo ni ya 42, na kwamba haifai wazee saba kukaa chumbani na kuamua kwa niaba ya mtaa mzima. Kamati ilikubali. Fundi seremala akatengeneza sanduku zuri la mbao, tukaliweka kwenye mlango mkuu, juu ya rafu ya viatu.

Tulipolifungua baada ya miezi mitatu tulikuta sarafu, noti chache na karatasi nne. Watu walidhani ni sanduku la sadaka, kwa kuwa lilifanana nalo kwa rangi na kwa kufuli. Katika karatasi zile nne, tatu zilikuwa na majina ya wanaume tunaowafahamu, zikazungumzia feni na mazulia. Ya nne ndiyo ile ya ngazi. Kanuni ya kwamba maoni yasiyo na jina hayajadiliwi tuliitunga sisi, kwa hoja kwamba Muislamu husema akijulikana. Feni zikanunuliwa. Ngazi zikabaki kama zilivyokuwa.

Ramadhani iliyofuata, katika kumi la mwisho, mama mmoja mtu mzima aliteleza katika ngazi zile akishuka baada ya Tarawehe. Alivunjika mkono.

Tulikwenda na mwenyekiti kumjulia hali. Tulimkuta ukumbini kwake, mkono umefungwa plasta, mjukuu wake wa darasa la sita ameketi karibu naye.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, wanangu. Karibuni.”

Tulimpa pole, kisha tukasema neno ambalo tungetamani tusingelisema: “Mama, laiti tungejua mapema, tungezirekebisha.”

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwa upole, “Mlijua, wanangu. Huyu mjukuu wangu ndiye aliyeandika, mimi nikimtamkia, naye akaitumbukiza mwenyewe, maana mlango ule si wetu. Nikamwambia jina asiweke. Nitaonekanaje, mtu mzima mimi, nikilalamika mbele za wanaume?”

Mwenyekiti alitutazama. Hakuna aliyejua habari za karatasi ile isipokuwa sisi. Tulikiri pale pale, mbele ya mtoto yule, kwamba iliingia mkononi mwetu nasi tukaiweka kando. Mama alisema ametusamehe. Hata hivyo, njia nzima ya kurudi hatukupata la kuzungumza.

Usiku ule tulijiuliza kanuni ile tuliitoa wapi. Jibu lilitutia aibu zaidi. Chuoni tulifundishwa kuwa hadithi haipokelewi kutoka kwa mpokezi asiyejulikana, kwa sababu hadithi ni habari ya yaliyopita na hakuna njia ya kuifikia ila kupitia kwa waliosimulia. Hiyo ni elimu tukufu. Lakini sisi tuliichukua tukaipachika mahali pasipo pake. Ngazi si habari ya yaliyopita. Ipo pale, hatua ishirini kutoka katika ofisi yetu. Haihitaji isnadi, inahitaji mtu ainuke, aipande usiku, aone. Karatasi ile ilituomba kuangalia tu, nasi tulikaa tukauliza nani aliyeileta.

Yapo maneno ambayo kweli yanahitaji kujua msemaji, nayo ni yale yanayomtuhumu mtu. Hapo Qur’an, katika aya ya 6 ya Suratul Hujurat, imetuamuru tuhakikishe kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Kosa letu lilikuwa kuyatia mambo haya mawili katika kapu moja: aibu ya mtu na ubovu wa kitu.

Tulikumbuka pia kisa cha Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria. Mtume (SAW) aliwaamuru masahaba wachinje wanyama wao na wanyoe, wasiinuke kwa uzito wa huzuni waliyokuwa nayo. Aliingia kwa mkewe, Ummu Salama (RA), akamweleza. Naye akashauri kwamba atoke, asiseme na yeyote, achinje na aite wa kumnyoa. Alifanya hivyo, na watu wakamfuata. Ushauri ule ulitolewa ndani ya hema, kwa mtu aliyekuwa tayari kuusikia pale ulipo. Sisi tulitaka ushauri wa mama zetu uvae viatu, uzunguke hadi mlango wa wanaume, ujitaje jina, ndipo tuusikilize.

Baada ya Idi kamati ilianza upya. Sanduku la pili liliwekwa ndani ya mlango wa akina mama, likapakwa rangi ya kijani na kuandikwa “MAONI, SI SADAKA” kwa herufi kubwa. Jina likawa hiari. Kwa wasioandika, mama wawili walichaguliwa wapokee maneno kwa mdomo kila baada ya darasa.

Kijana mmoja wa mtaani alijitolea kutengeneza ukurasa wa maoni katika tovuti ya msikiti. Mara ya kwanza aliweka maswali kumi na moja. Tukawapa mama watatu simu, tukawaomba wajaribu, nasi tukanyamaza tukitazama. Mmoja alifika penye namba ya simu akairudisha. Wa pili alisubiri picha ya msikiti ifunguke hadi bando likaisha. Wa tatu aliuliza, “Haya yanakwenda kwa nani?” Kijana akaondoa picha, akaondoa maswali kumi, akabakisha moja: “Ungependa nini kirekebishwe?” Juu yake akaandika ni akina nani watakaosoma, na kwamba namba ya mtumaji haihifadhiwi. Mama yule wa tatu aliandika papo hapo.

Kila Alhamisi maoni husomwa na watu wawili, mmoja wao mwanamke. Lile linalomtaja mtu kwa ubaya halisomwi hadharani; hukabidhiwa imamu, akalifuatilia kwa siri na kwa uadilifu. Mengine hubandikwa kwenye mbao zote mbili za matangazo: lililoletwa, lililofanyika, na lililoshindikana pamoja na sababu yake. Hili la mwisho tuliliogopa kuliko yote. Lakini tulipoandika kuwa viyoyozi havitanunuliwa kwa kuwa umeme wake hatuuwezi, hakuna aliyekasirika. Watu walitaka kujua kuwa wamesikika.

Ama ngazi, fundi wa kuchomelea aliweka bomba la kushikia na taa mbili kwa siku moja, na gharama yake haikufikia bei ya feni tulizonunua. Mkono wa mama umepona, ingawa hauinuki kama zamani. Anakuja Ijumaa, na anaswali chini, pembeni, kwa kuwa bado anaziogopa ngazi. Hilo hatuna fundi wa kulitengeneza.

Ndugu zetu katika kamati za misikiti, tunawausia mfungue majalada yenu. Huenda imo karatasi inayosubiri mtu ainuke aende kuangalia. Nanyi wazazi, muulizeni bibi aliye nyumbani kwenu ni kitu gani kinachomfanya msikiti uwe mzito kwake. Akishindwa kuandika, mwandikieni. Jina si lazima.

Tunamuomba Allah atusamehe tulichokizembea, na amlipe mama yetu kwa subira yake.

Wabillahi tawfiq.