Kipande cha Bomba

Nyumba tuliyoachiwa na marehemu baba iko Tanga, na ilivutiwa maji mwaka 1964. Mabomba yake yalikuwa ya chuma kilichopakwa zinki, ya nusu inchi, na kwa miaka mingi hakuna aliyeyafikiria. Bomba ni kama mgongo: huukumbuki mpaka uume.

Mimi na familia yangu tunakaa nyumba kubwa. Mdogo wangu anakaa vyumba vya uani. Laini inatoka kwenye mita, inapita kwake kwanza, ndipo ije kwetu. Kila alipofungua koki yake, maji yetu yalikatika. Nilimwambia mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa ukali, na mara ya tatu nikamwambia neno ambalo mkubwa hapaswi kumwambia mdogo wake: kwamba anatukomoa kwa sababu baba alinikabidhi mimi nyumba. Tangu siku hiyo hatukusalimiana. Ikapita miaka 3. Akamwoza binti yake, na mimi, baba mkubwa wa bibi harusi, nilikaa chumbani nikisikiliza ngoma kupitia dirishani.

Mwaka jana bomba la jikoni lilitoboka. Nikamwita fundi, mzee mwenye mvi zake, nikamtaka abadilishe kipande kile tu. Yeye akachukua ndoo ya lita 20, akafungua koki yetu peke yake, akitazama saa. Ndoo ilijaa kwa dakika 8. Alipofungua na ile ya uani, yetu ikabaki kudondosha matone.

"Si unaona, Mzee? Ni huyu wa uani," nikasema.

Hakunijibu. Akakata bomba kwa msumeno, akanipa kipande. "Chungulia, mwanangu."

Ndani kulikuwa na kutu iliyovimba pande zote. Penseli ingepita kwa taabu.

Akanieleza kwamba zinki ikishaliwa, chuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Koki zikifungwa, presha ni ile ile. Ukifungua, maji huchupa mara moja kisha hulegea, kwa kuwa njia haitoshi. Aliye karibu na mita hupata, wa mbele hukosa. Mwizi hayupo. "Na ukibadilisha jikoni tu," akasema, "umetupa fedha. Pale pembamba kuliko pote ndipo panapoamua."

Tukakubaliana laini kuu iwe ya robo tatu inchi, na matawi yabaki nusu inchi. Kipenyo kikiwa mara moja na nusu, nafasi ya maji kupita huwa zaidi ya mara mbili. Lakini kazi ilibidi ianzie kwenye mita, na mtaro upite mbele ya mlango wa mdogo wangu. Hapo fundi hakuweza kunisaidia.

Nikaenda baada ya magharibi, kipande mkononi. Nikapiga hodi. Kimya kikawa kirefu, kisha nikasikia, "Karibu, kaka." Nikampa kile kipande. Akakielekeza kwenye taa, akachungulia.

"Kumbe hiki ndicho tulichogombania?"

"Nilikukosea," nikasema. "Nisamehe."

Shemeji akaleta chai. Kesho yake tulichimba mtaro pamoja, siku 2, na fundi akalaza mabomba ya plastiki yasiyoshika kutu. Sasa ndoo hujaa kwa chini ya dakika 2, na koki zote mbili hutoa maji kwa wakati mmoja.

Lakini ile harusi haikurudi. Nimeiona kwenye picha tu, na kwenye kila picha kiti cha baba mkubwa amekalia mtu mwingine. Ndugu msomaji, kabla hujamwita mwenzako mwizi, kata bomba uchungulie ndani. Mimi nilichelewa miaka 3, na gharama ya msumeno ilikuwa ndogo sana.