Kadi niliyoichomoa

Leo naungama. Mwaka 2006 nilitumwa chumba cha mitambo kubadilisha kadi mbovu kwenye maltipleksa. Hili ni sanduku lenye kadi za simu, kadi za data na kadi ya laini kuu. Kazi yake ni kama ya matatu: wanaoelekea njia moja wanapanda gari moja, badala ya kila mtu kukodi teksi yake.

Laini yetu ilikuwa E1: kilobiti 2,048 kwa sekunde, zilizogawanywa viti 32 vya kilobiti 64. Kimoja cha kulinganisha fremu, kimoja cha ishara za simu, 30 vya abiria. Kiti ni chako hata ukinyamaza.

Basi, kadi zilifanana na lebo hazikuwepo. Nikachomoa ya laini kuu. Matawi yote yakakatika, simu na data pamoja! Niliirudisha mikono ikitetemeka, nikingoja taa iwake kijani.

Siku hizi naandika programu, lakini kabla ya kuzima seva yoyote bado najiuliza: nani mwingine amepanda gari hili?