Mwenyeji wa Tundu la Mti

Msafiri atokaye Butembo kwenda Beni huteremka. Butembo uko juu, zaidi ya mita 1,700, na vilima vyake vimevikwa mashamba na mikaratusi. Safari ni ya kilometa 50 na kitu tu, lakini Beni pana joto zaidi. Na mbele yake, upande wa Mbau na Oicha, huanza ule msitu mkubwa uendeleao hata Ituri.

Wengi huusifu msitu huo kwa ajili ya tembo na okapi. Sisi leo twapenda kumtaja mnyama atoshaye kiganjani. Wataalamu huiita jamaa yake Graphiurus. Ukimwona kwa haraka utasema ni panya. Lakini tazama mkia wake: una manyoya mengi kama wa kindi. Macho yake ni makubwa, maana kazi yake ni ya usiku. Hula wadudu, mbegu na matunda. Adui akimshika mkia, ngozi huchomoka, naye hujiponya. Mmoja wao, wa misitu ya kaskazini mwa Kongo, aliandikwa na wataalamu mwaka 1914 kwa jina la mganga Mwingereza, Cuthbert Christy.

Shida yake kubwa ni nyumba. Mchana hupenda kulala katika tundu la mti wa kale. Na tundu halipatikani katika mti kijana: sharti tawi livunjike, kiini kioze, na miaka mingi ipite. Mikaratusi hukatwa kwa mbao na makala kabla haijazeeka. Basi kilima chaweza kuwa kibichi chote, wala kisiwe na chumba hata kimoja cha mnyama huyu.

Hatumlaumu mkulima. Watoto wataka chakula, na jiko lataka makala. Tena tangu mwaka 2014 mauaji ya raia yamewafukuza watu wengi wa Beni mashambani mwao. Lakini afunguaye shamba jipya aweza kuuacha mti mmoja mzee mpakani, na mrina asali asiuchome. Mti huo hautamnyima mtu mihogo, na ndani yake watapata makao ndege, popo na nyuki pia. Kupanda miti ni jambo jema, nasi twalifundisha shuleni. Lakini mti wa miaka mia haupandwi leo ukapatikana kesho. Aliye nao na autunze.