Zamu, Kengele na Mchezo wa Kompyuta

Wako wazee wengi wanaodhani ya kuwa mchezo wa kompyuta ni upuuzi mtupu, usiomfundisha mtoto neno. Siwalaumu, maana atazamaye kwa mbali huona vijana wanaopiga kelele tu. Lakini mimi, katika chama chetu cha kompyuta, nimejifunza kwa mchezo huo habari ya zamu na wakati, nami napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu.

Mchezo wetu ni Minecraft. Kila mchezaji hukaa mbele ya kompyuta yake, lakini ulimwengu wenyewe wa mchezo hutunzwa na kompyuta moja iitwayo seva. Seva huuendesha ulimwengu huo kwa mapigo, kama mpiga ngoma: mapigo 20 kwa sekunde, yaani kila pigo lina milisekunde 50. Katika muda huo haina budi kuhesabu mwendo wa kila mtu na kila mnyama. Ikimaliza mapema, hulala kidogo ikingoja pigo lijalo. Ikichelewa, wachezaji wote hupata taabu: mtu huganda kama sanamu, kisha huonekana ghafula mahali pengine.

Muhula uliopita seva yetu ilianza kuchelewa namna hiyo kila Jumamosi. Wengine walitaka tuwaombe wazazi mchango wa kununua kompyuta mpya. Mwalimu wetu akasema, "Fedha za wazazi si maji ya mto. Kwanza tazameni kazi za mashine hii zimepangwaje."

Basi tukatazama. Prosesa yake ina viini viwili, na kazi zinazongoja ni nyingi. Kwa hiyo ndani ya mfumo endeshi, na wetu ni Linux, mna mpangaji wa zamu. Yeye huwagawia wote muda kwa vipande vidogo vidogo, akimwondoa huyu na kumweka yule. Anayo saa iliyo kama kengele ya shule: ikilia, hutazama kama aliye kazini amezidisha zamu yake. Katika Linux kengele hiyo kwa kawaida huwekwa ilie mara 100, 250 au 1000 kwa sekunde. Katika Windows, isipoombwa iende upesi zaidi, hulia kila baada ya milisekunde 15.6 hivi, kwa hiyo programu iliyotaka kuamshwa baada ya 50 yaweza kuamshwa baada ya 62. Kwa mwandika barua tofauti hiyo si kitu, lakini kwa seva ya mchezo ni kama robo ya pigo zima.

Linux imekuwa na saa za kuamshia zenye usahihi mkubwa tangu mwaka 2007, kwa hiyo tuliona shida yetu si kengele, ni zamu. Kila Jumamosi, saa ile ile ya mchezo, programu ya maktaba hubana orodha ya vitabu na kuiweka akiba, nayo ilivishika viini vyote viwili.

Mwenzetu mmoja akatoa shauri tuipe seva cheo cha juu kabisa, ambacho kazi yake haiondolewi na kazi yoyote ya kawaida mpaka iache yenyewe. Linux inacho cheo hicho. Tukabishana sana. Je, ni haki orodha ya shule nzima ingoje, bila kujua itafikiwa lini, kwa ajili ya mchezo wa watu kumi? Na kazi ya cheo hicho ikikwama, mashine huenda ikakwama nayo.

Mwisho tukafuata njia nyingine. Kila kazi ya kawaida katika Linux ina namba ya upole, tangu -20 hata 19. Kadiri namba inavyozidi, ndivyo kazi inavyozidi kuwapisha wenzake. Seva tuliiacha katika 0, namba ya kazi zote, ila kazi ya maktaba tukaipa 19. Katika hesabu za mpangaji, kazi ya 0 ina uzito wa 1024, na ya 19 ina 15 tu. Tena tukaizuia prosesa isipunguze mwendo kwa ajili ya kuokoa umeme wakati wa mchezo.

Jumamosi iliyofuata tulicheza bila kuganda. Orodha ya maktaba nayo iliwekwa akiba kamili, ingawa ilikawia kidogo, wala mzazi hakutoa hata senti moja.

Naona mashine ile haikupungukiwa na nguvu, ilipungukiwa na utaratibu. Orodha ya vitabu haidhuriki ikimalizwa saa kumi au saa kumi na moja, lakini pigo la mchezo likipita limepita. Hata sisi bombani asubuhi twajua jambo hili: mwenye zamu ya kupiga kengele hupishwa achote kwanza, na asiye na haraka hungoja, kisha wote huingia darasani kwa wakati.