Vidonda vya Tumbo: Tulidhani ni Saumu



Ndugu wasomaji, katika Ramadhani ya mwaka 2019, nyumbani kwetu Buyenzi, Bujumbura, mama yangu alianza kulalamika tumbo. Maumivu yalikuwa juu ya kitovu, yakimuunguza zaidi usiku wa manane. Kila mtu alikuwa na jibu. Jirani alisema ni pilipili, shangazi akasema ni mawazo, na mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilisema ni saumu. Nikamwomba aache kufunga. Akanijibu, "Mwanangu, mimi nafunga tangu wewe hujazaliwa, leo ndiyo saumu iniumize?"

Basi tukawa tunampa maziwa. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha tumbo hutoa tindikali zaidi, lakini hilo wakati ule sikulijua.

Siku ya ishirini na mbili alianguka akitoka chooni. Dada yangu aliyemwinua ndiye aliyeona: choo cheusi kama lami, chenye kunata. Mama akakiri kuwa hiyo ilikuwa siku ya tatu, ila aliona haya kusema. Jamani, choo cha namna hiyo mara nyingi ni damu inayovuja tumboni na kugeuka rangi njiani. Ni jambo la kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Aliongezewa damu. Kesho yake akafanyiwa kipimo cha kamera, yaani mrija mwembamba wenye taa hupitishwa mdomoni hadi tumboni. Kidonda kilionekana, wakachukua na kipande kidogo cha utando wa tumbo kwenda kupima bakteria. Kisha daktari akauliza, "Mama, unatumia dawa gani?"

"Situmii dawa yoyote."

"Hata ya maumivu?"

Mama akanyamaza, akafungua mkoba wake. Diklofenaki! Kumbe magoti yalikuwa yanamtesa, akawa anameza kidonge wakati wa kufuturu kabla hajala kitu, na kingine wakati wa daku, ili aweze kusimama kwenye tarawehe. Sisi watoto wake tulikuwa tukimwona amesimama imara, tunamshukuru Mungu.

Daktari alitueleza kuwa dawa za aina hiyo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, hupunguza kinga inayozuia tumbo lisiunguzwe na tindikali yake lenyewe. Jibu la kipimo lilipotoka, akakutwa pia na bakteria aitwaye Helikobakta pailori. Mambo hayo mawili ndiyo husababisha vidonda vingi vya tumbo, na yakikutana kwa mtu mmoja hatari huzidi.

Shangazi yangu na mawazo yake tusimcheke. Hadi miaka ya 1980 madaktari wengi duniani walisema kama yeye. Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walipomtaja bakteria huyo wengi hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe maji yenye bakteria hao, na baada ya siku chache akaugua tumbo. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa tuzo ya Nobel.

Mama alipewa antibiotiki za aina mbili pamoja na omeprazoli kwa siku 14. Siku ya sita maumivu yakaisha, akataka kuacha. Tulimsimamia, kwani bakteria asiyeuawa wote hurudi. Baada ya wiki kadhaa alipimwa tena kwa choo. Kipimo cha damu hakifai kwa kazi hiyo, maana huweza kuonyesha ugonjwa hata baada ya mtu kupona, na wapo ndugu zetu wanaomeza dawa mara tatu, nne kwa ajili ya karatasi hiyo tu.

Siku alizokula, Alhamdulillah, mgonjwa ameruhusiwa kuzilipa baadaye. Alizilipa zote daktari alipomwambia kidonda kimepona.

Magoti bado yanamuuma. Sasa tarawehe anasali kwenye kiti, na akizidiwa anameza parasetamoli, ambayo haichubui tumbo namna ile. Mkoba wake huwa naukagua kila Ijumaa, naye anajua, ananiacha tu.